Kinga ya Soko Isigeuke Mtego

Yeyote aliyepata kuishi Madale, au popote pale pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, anajua linalotokea siku linapotolewa tangazo kwamba maji yatakatwa saa sita mchana. Tangu alfajiri kila nyumba hufungua bomba. Ndoo hujazwa, mapipa hujazwa, na hata masufuria yaliyowekwa kabatini kwa ajili ya sikukuu hutolewa. Ifikapo saa tatu, mabomba ya wale wakaao juu kilimani hutoa hewa tupu. Tangazo lilitolewa kwa nia njema, ili watu wajiandae. Lakini kule kujiandaa kwao ndiko kulikoleta mapema dhiki ambayo tangazo lilikusudia kuipunguza. Wala hakuna mwovu katika kisa hiki. Kila mama aliyejaza ndoo yake alifanya lililo jema kwa nyumba yake.

Tumeanza na mfano huu kwa kuwa unafanana sana na jambo tunalotaka kulizungumza leo na wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa visiwani ambao riziki yao imefungamana na karafuu na wageni, na pia wakuu wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya fedha ya taifa. Jambo lenyewe ni hizi kinga ambazo serikali za dunia, yetu ikiwamo, huziweka ili kutuliza masoko ya fedha. Kinga hizo ni za lazima, na hatuandiki ili kuzipinga. Tunaandika kukumbusha kwamba kinga inayoonekana na watu wote hubadili mwenendo wa watu wote, na asiyelipima hilo mapema huenda akajenga mtego mahali alipokusudia kujenga boma.

Tutazame kwanza mfano wa mbali. Nchini China masoko ya hisa yaliyumba vibaya katikati ya mwaka 2015. Wasimamizi wakaamua kuweka breki. Kuanzia Januari 1, 2016, fahirisi ya hisa 300 kubwa za Shanghai na Shenzhen ikishuka kwa asilimia 5, biashara ingesimama kwa dakika 15 ili watu watulie. Ikifika asilimia 7, soko lingefungwa hadi kesho yake. Siku ya kwanza ya biashara, Januari 4, breki ile ilishika mara zote mbili na soko likafungwa. Januari 7 ilishika tena, na safari hii biashara halisi ya siku nzima ilikuwa yapata robo saa tu. Usiku ule ule wasimamizi walitangaza kuisimamisha kanuni ambayo haikumaliza hata juma moja la biashara.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa mle mle tulimolikuta katika ndoo za Madale. Kila mwenye hisa alijua kwamba mlango utafungwa bei ikifika asilimia 7. Bei ilipokaribia asilimia 5, hakungoja kutulia. Alikimbilia kuuza kabla hajafungiwa ndani. Na zile dakika 15 zilizowekwa ili mtu avute pumzi, wengi walizitumia kujipanga mlangoni. Tena ngazi mbili za breki zilikaribiana mno, asilimia 2 tu kati yake, hata ya kwanza ikawa kengele ya kuitia watu kwenye ya pili.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Breki kama hizo Marekani zilibuniwa baada ya Oktoba 19, 1987, siku ambayo fahirisi ya Dow Jones ilianguka kwa zaidi ya asilimia 22. Siku hizi ngazi zake ni asilimia 7, 13 na 20. Mwezi Machi 2020, hofu ya ugonjwa wa UVIKO-19 ilipotanda, breki ya ngazi ya kwanza ilishika mara nne, na ngazi ya pili haikufikiwa hata mara moja. Kwa hiyo breki kwa asili yake si mbaya. Kinachoangaliwa ni vipimo vyake, mahali pake na watu wake. Tena wachunguzi wengi wa anguko lile la 1987 waliona kwamba mojawapo ya yaliyolichochea ni kinga nyingine. Mashirika makubwa yalikuwa yamejiwekea utaratibu wa kuuza wenyewe kwa wenyewe kila bei iliposhuka, nao ukaitwa bima ya mitaji. Kwa shirika moja ilikuwa bima kweli. Walipokuwa wengi na wote wakauza kwa saa moja, bima ile ikawa moto.

Huenda msomaji wa Wete au Mkoani akauliza: haya ya Shanghai yanatuhusu nini? Yanamhusu sana, maana visiwani kwao habari hii ina umri mkubwa kuliko breki za China. Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu iliporomoka na wakulima wakazama katika madeni. Serikali ya kikoloni ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, na mwaka 1937 ikakikabidhi chama hicho biashara yote ya kusafirisha karafuu nje. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya mfanyabiashara na dhidi ya kuyumba kwa bei. Lililofuata halikuwa limekusudiwa: wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua, wenzao kule India wakawaunga mkono kwa kuisusa karafuu ya Zanzibar, na soko mojawapo kubwa likajifunga. Ilibidi kufikia mapatano mwaka 1938.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara hiyo ilishikwa na Serikali, na baadaye ikawa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Hoja ilikuwa ya maana: bei ya dunia hupanda na kushuka kama bahari ya kusi, basi mkulima apewe bei moja aijuayo, na faida ya miaka ya neema iendeshe nchi. Lakini bei aliyolipwa mkulima ilipokuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, karafuu zilitafuta njia nyingine. Usiku usio na mwezi, mashua za Pemba zilijua njia ya pwani ya Kenya. Adhabu ziliongezwa, doria zikaongezwa, na magendo yakaendelea. Uzio uliowekwa kumkinga mkulima na mawimbi ulimzuia pia asifaidi kujaa kwa maji. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ilipopandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo, karafuu nyingi zilirudi zenyewe katika vituo vya shirika. Doria haikuwa imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi; bei ya haki iliifanya katika msimu mmoja.

Sasa tuje kwenye fedha za kigeni, ambako Bara na Visiwani tumo katika mtumbwi mmoja. Vijana hawayakumbuki, lakini wazee wanayakumbuka maduka ya miaka ya mwanzo ya 1980. Thamani ya shilingi ilipangwa na Serikali, bei za bidhaa zilipangwa na Tume ya Bei, na fedha za kigeni zilitolewa kwa kibali. Kila moja ya kinga hizo ilikuwa na sababu yake nzuri: kumlinda mnyonge na mlanguzi, na kuilinda akiba ya taifa. Hata hivyo sabuni ilipotea dukani ikapatikana uchochoroni. Dola ikawa na bei mbili, ya benki na ya mtaani, na ya mtaani ikawa mara kadhaa ya ile ya benki. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwakamata walanguzi wengi, lakini rafu za maduka hazikujaa kwa msako huo. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ilifungua njia ya maduka ya kubadilishia fedha, na dola iliyokuwa ikijificha chini ya godoro ikatoka kuja kaunta.

Ndiyo maana yaliyotokea Arusha mwezi Novemba 2018, na Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019, yalistahili kufikiriwa kwa utulivu zaidi. Maduka ya kubadilishia fedha yalikaguliwa kwa nguvu ya dola, mengi yakafungwa, na kanuni za 2019 zikapandisha mtaji wa chini hadi shilingi bilioni 1. Serikali ilieleza kwamba inapambana na utakatishaji wa fedha haramu, na hilo ni jambo ambalo hakuna raia mwema atakayelikataa. Lakini biashara haikukoma kwa sababu kaunta imefungwa. Mwenye dola mia moja hakuanza kuipenda benki iliyo mbali. Alimtafuta mtu anayemjua. Fedha iliyokuwa ikiandikwa katika daftari la duka lenye leseni ikaanza kupita mkono kwa mkono bila daftari. Kwa hiyo kinga iliyokusudiwa kuiweka fedha mwangani iliisukuma sehemu yake gizani.

Uhaba wa dola wa mwaka 2023 hatuusemi kwamba uliletwa na hatua hizo. Vita vya Ukraine, bei ya mafuta na kupanda kwa riba Marekani ni mambo yaliyozitikisa nchi nyingi kuliko yetu. Tunalosema ni kwamba uhaba ulipofika ulitukuta na madirisha machache. Mwenye duka la vigae anayeagiza mzigo, na mwenye nyumba ya wageni anayepokea dola za watalii, wote walikosa mahali pa wazi pa kukutana. Na kwa hakika mwaka huo huo wa 2023 Benki Kuu ililegeza kanuni, ikaruhusu maduka ya ngazi tofauti. Tunawapongeza waliokubali kurekebisha. Lakini waliofunga maduka yao mwaka 2019 walikwisha kufunga, na miaka minne hairudishwi na tangazo.

Majirani zetu wa Kenya nao wanalo funzo. Mwaka 2016 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia mabenki kutoza riba inayozidi asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wananchi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu, maana riba zilikuwa zinawanyonya. Lakini sheria inaweza kumpangia mwenye benki bei ya mkopo. Haiwezi kumlazimisha amkopeshe mtu. Mabenki yalitazama orodha ya waombaji, yakamwona muuza mboga na fundi seremala kuwa hawalipi hatari yao kwa riba hiyo, yakapeleka fedha kwenye dhamana za Serikali. Mnyonge aliyekusudiwa kulindwa akajikuta nje ya mlango wa benki, mbele ya mkopeshaji wa simu ambaye sheria ile haikumgusa, na ambaye riba yake ya mwezi mmoja huikaribia ile ya benki ya mwaka mzima. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2019. Hapa kwetu watu wameipa mikopo ya namna hiyo jina la kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo.

Mfano wa mwisho ni wa nyumbani, nao unauma zaidi kwa sababu kila aliyehusika alitimiza wajibu wake. Ili kulinda amana za watu, kanuni zilitaka benki ya wananchi iwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2. Muda ulitolewa, ukaisha mwishoni mwa 2017. Januari 4, 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Benki Kuu ilikuwa na haki; benki isiyo na mtaji ni nyumba isiyo na msingi. Lakini mkulima wa Njombe alibaki akijiuliza aende wapi. Bima ya amana wakati huo ililipa hadi shilingi milioni 1.5 kwa kila mwenye amana, na aliyezidi hapo alipaswa kungojea ufilisi. Kanuni ile ile iliyoandikwa kumlinda ilimwondolea benki iliyokuwa karibu naye. Bima hiyo baadaye ilipandishwa hadi shilingi milioni 7.5, na ni hatua njema. Hata hivyo, nayo ina upande wake wa pili: mwenye amana akijua kwamba fedha yake ina mdhamini, haulizi tena benki yake inakopesha nani. Basi jicho alilolifumba mwenye amana halina budi lifumbuliwe na mkaguzi.

Hapo atatokea mtu aseme: kama kinga zina madhara haya yote, tuziondoe, soko lijiongoze lenyewe. Sisi hatukubali. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau DECI, ambako maelfu ya watu walipanda zile zilizoitwa mbegu, wakingojea mavuno maradufu, mpaka Serikali ilipoingilia mwaka 2009. Kule hakukuwa na kinga, na waliolia walikuwa ni wajane, wastaafu na vijana wa vibarua. Bahari isiyo na mnara haiwi salama kwa kuwa mnara huweza kuwekwa mahali pasipofaa. Mnara uwekwe, bali awekaye aipime miamba kwanza.

Tunayasema haya sasa kwa sababu kuna kinga mpya ambayo bado ni changa na yaweza kunyooshwa. Machi 28, 2025 zilitangazwa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kuuzwa, kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa, kama vile maduka yasiyotozwa ushuru. Mikataba iliyokuwapo ilipewa mwaka mmoja kurekebishwa. Tunaiunga mkono shabaha yake bila kusitasita. Ni aibu kwa Mtanzania kudaiwa kodi ya nyumba kwa dola katika mji aliozaliwa. Shilingi ni alama ya uhuru wetu kama ilivyo bendera.

Lakini tuitazame kwa macho ya mwenye vyumba sita vya wageni kule Jambiani au Nungwi. Hoteli kubwa ina mhasibu, ina akaunti benki na mashine ya kadi. Yeye ana daftari na simu. Mgeni anafika jioni na dola mkononi, na benki imefungwa. Ikiwa duka la kubadilishia fedha liko karibu, tena lina bei ya haki, kanuni itatimizwa bila hata kumwita askari. Ikiwa halipo, kuna njia tatu: mgeni ahame, mwenye nyumba avunje sheria kimya kimya, au atokee kijana barabarani mwenye mfuko wa noti. Njia zote tatu ni hasara kwa taifa, na ya tatu ndiyo ile ile tuliyoiona baada ya 2019. Kwa hiyo mafanikio ya kanuni hii hayatapatikana katika faini; yatapatikana katika wingi wa kaunta halali.

Kwa wakuu wanaohusika tunatoa ushauri wa mambo manne. Kwanza, kabla kinga haijatangazwa, waulizwe watakaoishi nayo, pamoja na wale wadogo wasio na chama cha kuwasemea. Mvuvi wa Mafia na muuza duka wa Madale wanaweza kuona shimo ambalo mtaalamu wa ofisini hajaliona. Pili, kila kinga iulizwe swali moja gumu: mtu aliyezuiwa hapa atakwenda wapi? Kama hatujui atakwenda wapi, basi hatujamaliza kuiandika. Tatu, kila kanuni ya dharura iwe na tarehe yake ya kupimwa, na matokeo ya kipimo yasomwe mbele ya Bunge na Baraza la Wawakilishi, ili kurekebisha kusionekane kuwa ni kushindwa. Wachina walirekebisha kwa siku nne. Sisi ilituchukua miaka minne. Nne, nguvu ya dola iwe ya mwisho, wala si ya kwanza. Hofu haitulizi soko, kwa maana soko lenyewe ni watu, na mtu mwenye hofu hukimbia.

Na kwa ndugu zetu wananchi, wa Bara na Visiwani, tuna neno moja. Kinga nyingi huharibika kwa sababu kila mmoja wetu hukimbilia kujaza ndoo yake. Serikali ikitupa maelezo ya kweli kwa wakati wake, nasi tuwe tayari kungoja zamu yetu. Ila watawala wajue kwamba subira ya wananchi ni amana kama amana nyingine: huwekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na huweza kutolewa yote kwa asubuhi moja.